Nataka tule vya msimu na vya hapa hapa, nyumba imenigomea

Mama wa Fuoni
Assalaam alaykum wenzangu. Tangu mwezi uliopita nimeacha kununua maepo ya Afrika Kusini na kila kitu cha boksi. Nimejipangia tule kinachoota Unguja na Pemba, kwa msimu wake. Wiki ya kwanza mambo mazuri. Ya pili, mume wangu akifunua sufuria akakuta muhogo wa nazi anauliza, "Kwani leo tumefunga?" Watoto majimbi hawayataki hata kuyaona. Juzi nikanunua tungule (nyanya), nikaambiwa za shamba, kijiji cha Bambi hapa hapa Unguja. Kugeuka, namwona yule yule anazichopoa kwenye kasha lililotoka botini! Nisaidieni: nitazijuaje za hapa? Na masika mboga zikioza tutakula nini?

Muuza Mboga Kwerekwe
Dada, usiulize "ni za shamba?" Hakuna muuzaji atakayekujibu hapana, hata mimi. Uliza zimechumwa lini na nani kazileta. Za bara huja kwenye makasha ya mbao, ngumu, karibu zote saizi moja, maana huchumwa hazijaiva zistahamili safari. Za hapa mara nyingi huja kwa ndoo au kikapu, kubwa na ndogo pamoja, nyingine zimepasuka. Muhogo ndio haudanganyi: ukishang'olewa, siku mbili tatu unapiga mistari myeusi ndani. Mwambie muuzaji auvunje mbele yako.

Mtoto wa Wete
Ndio maana tunawaambia hamieni Pemba. Huku mchele wa bondeni, ndizi za nyuma ya nyumba, shelisheli la jirani. Bara tunapajua kwa jina tu.

Kijana wa Michenzani
@Mtoto wa Wete na vitunguu vya pilau ya harusi zenu vinalimwa bonde gani? 😂
Mama wa Fuoni, usijitese. Mbatata inataka baridi, na sisi hatuna baridi. Acha itoke Lushoto, kwani Lushoto ni ng'ambo? Urojo bila mbatata mimi siuli. Anza na matunda, hapo ndipo pesa inapopotea. Mtu ananunua epo moja wakati embe zimejaa njia nzima!

Bibi wa Donge
Mwanangu, kosa lako si muhogo, kosa ni kuupika kila siku. Futari tuliizoea jioni ya Ramadhani, mwanamume umpe mchana mfululizo lazima aulize. Mpe wali wake, badilisha kitoweo. Kisamvu cha nazi kilichotwangwa vizuri, matembele, na masika yakishapita mbaazi mbichi. Mvua kubwa mchicha hulala chini ukajaa udongo, lakini kisamvu kiko juu ya mti, mvua inakiongeza tu.

Hao watoto wakatie shelisheli vipande vyembamba, kaanga, tia chumvi, ndimu na pilipili kidogo. Usiwaambie ni nini mpaka wamalize. Majimbi usiwalazimishe, hata mimi niliyapenda nilipokwishaolewa.

Kaskazi embe zikishuka bei nunua pakacha zima, mbichi zitie achari. Kipupwe kikiingia, machungwa. Ukienda na msimu utakula rahisi. Ukitaka embe wakati wa machungwa utalia na mkoba wako.

Mama wa Fuoni
Bibi, Mungu akuweke. Jana nimekaanga shelisheli. Mdogo kaniuliza hizi chipsi nimenunua duka gani, nikanyamaza. Baba yao kala sahani mbili, kisha akasema mbatata za siku hizi zimekuwa tamu.

@Muuza Mboga Kwerekwe, Jumamosi nakuja. Unakaa upande gani?

Muuza Mboga Kwerekwe
Upande wa ndizi, ukiingia mkono wa kulia. Njoo saa moja asubuhi, saa tatu za hapa zishakwisha, nimebaki na makasha.

Mama wa Fuoni
Na hayo makasha utaniambia yametoka wapi?

Muuza Mboga Kwerekwe
Bambi 😂