Mtoto ana miezi 19, maneno manne tu: tusubiri au apelekwe?

Mlezi_Tukuyu
Habari za jioni wadau. Kituoni kwetu yupo binti wa miezi 19. Alianza kutembea na miezi 13, anapanda ngazi akishikwa mkono, anakula kwa kijiko ingawa nusu inamwagika. Maneno tunayoyasikia ni manne: mama, baba, nyonyo na "toka" anapofukuza kuku. Bibi anamsemesha Kinyakyusa, wazazi Kiswahili, na majirani wanasema lugha mbili ndizo zinamchanganya. Chanjo ya pili ya surua-rubela, ile ya miezi 18, ameshapata. Tumshauri nini mama yake?

Mama_Uyole
Mlezi mwenzangu, kwanza hesabuni upya, na bibi ahesabu ya kwake. Neno ni sauti yoyote anayoitumia kila mara kwa kitu kilekile. "Mau" kwa paka ni neno. Akitaja maji kwa Kinyakyusa na mbwa kwa Kiswahili, hayo ni mawili. Kwa miezi 18 tunatarajia ajaribu maneno walau matatu, mbali na mama na baba. Kufika miezi 24 awe anaunganisha mawili: "maji ingine", "baba kaenda".

Lugha mbili hazichelewezi mtoto. Bibi akikatazwa Kinyakyusa atabakiwa na Kiswahili cha amri: lete, acha, kaa. Mtoto atakuwa amempoteza mtu anayemsemesha kuliko wote.

Kuliko idadi, tazameni mambo mawili. Je, ananyoosha kidole ili mtazame naye kitu, siyo kuomba tu? Na akiambiwa "lete kiatu", anakileta? Hapo msikitazame kiatu wala kunyoosha mkono, maana macho ya mkubwa humpa mtoto jibu.

Tabibu_Makambako
Msisahau masikio. Kwenye baridi yetu ya Juni hadi Agosti watoto wanapata mafua mfululizo, na ute unaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa bila maumivu wala usaha. Mtoto anasikia, lakini kwa mbali, kama aliyezamisha kichwa majini.

Akiwa ametulia anacheza, simama nyuma yake kama mita moja, kivuli chako kisimfikie, umwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine. Kugeuka mlango ukibamizwa hakuthibitishi kitu, kwa sababu mtetemo anausikia mwilini. Na hata akigeuka, mtoto aliyechelewa kusema apimwe masikio na mtaalamu.

Asisubirishwe kabisa mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, asiyeitika jina lake, au aliyefika miezi 18 bila kutembea wala kuonyesha kwa kidole.

Mlezi_Tukuyu
Asanteni sana. Kiatu analeta, kidole ananyoosha, hasa akiona ndege. Bibi amehesabu maneno mengine matano. Sasa, walezi tuko wawili na watoto 12. Tumsaidieje?

Mama_Uyole
Matano ya bibi yanatuliza moyo. Msitafute muda mpya, tumieni ule ambao lazima mmoja wenu awe naye uso kwa uso: kunawa mikono, kubadilisha nguo, kula. Semeni kidogo: "Maji. Maji baridi." Kisha nyamazeni, mhesabu kimoyomoyo hadi tano, hata kumi. Wengi wanashindwa hapa, wanajaza ukimya wenyewe na zamu ya mtoto inapita.

Akisema "ma", mrudishie neno zima na uongeze moja: "Maji moto." Usimlazimishe "sema maji". Punguzeni pia "hii nini?", kwani asiye na jibu akiulizwa sana huacha kujaribu. Afadhali kuchagua: shika ndizi na parachichi usawa wa macho yake, uulize anataka ipi. Au mpe ndizi isiyomenywa, usubiri aombe msaada kwa namna yoyote.

Anapobebwa mgongoni kwa mbeleko haoni midomo yenu, kwa hiyo mkitaka kuongea naye mketisheni awatazame. Redio izimwe wakati huo. Katuni za simu hazishauriwi kwa umri wake.

Kilolo_Lishe
Naongeza la chakula. Upungufu wa damu unamfanya mtoto apoe, asiwe na hamu ya kucheza wala kuongea. Mahindi tunayo, lakini utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Uji mwepesi unajaza tumbo tu. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, wenye karanga zilizosagwa au dagaa wa unga. Karanga nzima hapana, zinapalia. Chai na chakula pia hapana, inazuia madini ya chuma. Milo 3 hadi 4 kwa siku, kila mlo robo tatu ya bakuli la mililita 250 hadi bakuli zima, pamoja na kunyonya. Vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi 6.

Tabibu_Makambako
Dada, andikeni maneno yake kwenye daftari kila Ijumaa, lugha zote mbili. Akifika miezi 24 akiwa chini ya maneno 50, au haunganishi mawili, mama aende nalo hilo daftari hospitali.