Mama kapasuliwa uvimbe wa kichwa usio kansa, sasa waambia apigwe mionzi. Ni kawaida?

BintiWaMajengo
Assalam aleikum na habari zenu nyote. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mamangu ana miaka 58, mwaka jana alianza kuumwa na kichwa kila akiamka, kisha jicho la kulia likawa laona kiza kiza, akapewa miwani haikusaidia, mpaka ilipopigwa MRI ndo ikaonekana ni meningioma, yaani uvimbe wa kwenye ule utando unaofunika ubongo, wake umekaa chini karibu na neva ya jicho. Alhamdulillah kapasuliwa katoka salama, ripoti ya patholojia yasema gredi 1, ile ya chini kabisa kati ya tatu, si kansa. Tukashukuru tukasoma na maulidi. Juzi twarudi kliniki daktari atwambia kuna kipande kimebaki na apendekeza mionzi ya wiki sita!! Ami asema kama si kansa mionzi ya nini, kuna kitu twafichwa. Shangazi ataka apelekwe kwa sheikh kwanza. Mama mwenyewe kanyamaza tu, hata chakula hali vizuri. Jamani ni kawaida kweli? Na mbona hawakukimaliza wakati kichwa kilikuwa wazi?

KisauniKwetu
Pole sana dada. Mimi ningekuwa wewe nisingekubali, mionzi ni ya kansa. Jirani yetu alipigwa akaisha haraka haraka, mwezi haukupita tukamzika.

Mionzi_Pwani
Wa aleikum salaam, pole kwa kuuguza. Mimi nafanya kazi kitengo cha mionzi, si daktari, ila wagonjwa kama mamako tunawahudumia. @KisauniKwetu jirani yako Mungu amrehemu, lakini kansa iliyoenea mwilini na meningioma gredi 1 ni vitu viwili tofauti kabisa, tafadhali tusimtishe mwenzetu.

Kusema si kansa maana yake hauendi kwenye mapafu wala mifupa. Lakini fuvu halitanuki, kitu kikikua mle ndani hata polepole lazima kifinye kilicho karibu, na kwa mamako kilicho karibu ni neva ya jicho. Mbona hawakukimaliza? Vimbe za pale chini hung'ang'ania neva na mishipa ya damu kama chaza kwenye mwamba, ukimbandua kwa nguvu watoka na kipande cha mwamba. Daktari mzuri huacha kipande kuliko kumtoa mama akiwa kipofu ama amepooza, na mara nyingi hata kabla ya kumlaza mezani ashajua kuwa ataacha. Tangu 1957 kuna kipimo chaitwa Simpson, 1 mpaka 5, moja ni kimetolewa chote pamoja na utando na mfupa ulioguswa, nne ni kimebaki kipande, tano kimechotwa kidogo tu cha kupima. Mumuulize daktari mama ni Simpson ngapi na kilichobaki kina ukubwa gani kwenye MRI ya baada ya oparesheni, hayo mawili yatawapa mwanga kuliko maneno yetu yote hapa.

Sasa mionzi. Gredi 1 ikitoka yote kwa kawaida haipigwi, huangaliwa na MRI basi. Gredi 3 hupigwa hata kama imetoka yote, gredi 2 ndo madaktari wenyewe hubishana. Gredi 1 iliyobaki kipande kuna njia mbili na zote ni halali, mungoje huku mkipiga MRI kila baada ya miezi kadhaa, ama mpige mapema. Kwa mamako nadhani kinachomvuta daktari ni mahali kilipokaa, maana jicho likishazima kabisa kulirudisha ni shida. Na mionzi ya wiki sita ni kwa sababu dozi hukatwa vidogo vidogo, jumla ni kama grei (kipimo cha mionzi) 50 hadi 54, kila siku grei 1.8, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 28 ama 30, ili neva ivumilie. Iko pia ile ya kupiga dozi kubwa mara moja ambayo Lars Leksell aliianzisha kule Stockholm, na Nairobi pale KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, wana mashine ya CyberKnife ya kazi ya aina hiyo, ila hiyo yataka uvimbe mdogo, kama sentimita 3 kushuka, na usiwe umegusana na neva ya jicho.

Jambo moja watu hawaambiwi vizuri, mionzi haikiyeyushi. Yakisimamisha kisikue. Watu huona MRI ya kwanza kiko pale pale wakalia ati pesa zimepotea, na kumbe kusimama ndo tulikuwa tukitaka. Gredi 1 zikipigwa, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa zimetulia hata baada ya miaka mitano.

BabaPacha_Likoni
Dada mke wangu kapitia haya haya, yeye ana 43. Kinachoogopesha zaidi ni ile barakoa. Ni plastiki yenye vitobo vitobo, waiweka kwenye maji ya moto ikilegea wamvisha usoni mpaka kidevuni, yakauka palepale ikashika sura yake, kisha kila siku yafungwa kwenye kitanda asitikise kichwa. Siku ya mwanzo alitetemeka, wakamwambia akitaka ainue mkono watasimamisha, baadae akawa asoma dhikri zake mle ndani mpaka waje kumfungua, kulala kwenye mashine ni dakika chache tu na hasikii chochote, hachomeki. Nywele zilianguka upande mmoja pale mionzi inapopita, zikarudi. Uchovu ndo ulimkalia, mpaka hata baada ya kumaliza. Na hana sumu ya kuambukiza mtu, watoto walimlalia kama kawaida.

Walimwachisha sindano ya Depo ya kupanga uzazi pia maana alikuwa adungwa miaka mingi, kuna utafiti wa Ufaransa ulotoka 2024 ulioonyesha waliotumia mwaka na zaidi wana hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji wa meningioma, ingawa kwa mtu mmoja mmoja bado ni jambo la nadra. Dada zako kama wanatumia waongee na daktari, wasiache tu kiholela.

BintiWaMajengo
Shukran sana, walahi nimemsomea mama yote haya akauliza swali lake la kwanza tangu tutoke kliniki, ati ataweza kufunga Ramadhan? Ana sukari pia.

BabaPacha_Likoni
Hapo kwa sukari muwe macho. Mke wangu alipewa dawa ya deksamethasoni ya kupunguza kuvimba kwa ubongo na sukari ikapanda vibaya, na hakuwa hata na kisukari. Na hizo tembe haziachwi ghafla, hupunguzwa polepole na daktari.

Mionzi_Pwani
Mwambieni daktari mapema kuhusu sukari na saumu zote mbili, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadae, na sheikh atamwambia hivyo hivyo. Dua na mionzi hazigombani, mpelekeni kwa sheikh, ila miadi ya kliniki isipotee. Gredi 1 haiendi mbio, kwa hivyo ulizeni kama kuanza kwaweza kusogezwa wiki chache, daktari ndo aseme.

Ulizeni pia madhara ya mbeleni. Kile kitezi cha homoni chini ya ubongo kiko jirani na pale kwa hivyo chaweza kulegea baada ya miaka, damu ipimwe mara kwa mara, na kumbukumbu yaweza kupungua kidogo. Iko na hatari ndogo sana ya uvimbe mwengine miaka mingi baadae, kwa mtu wa 58 haina uzito kama kwa mtoto.

Kabla ya kuanza apimwe upana wa kuona wa macho yote mawili, ili baadae mjue kama kuna kilichobadilika. Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, kuna kitengo cha kansa siku hizi, anzieni kuuliza hapo kabla ya kukata tiketi ya treni ya SGR kwenda Nairobi, na ofisi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, muwaulize watalipia vikao vingapi. Bebeni MRI ya kabla na ya baada ya oparesheni zikiwa kwenye CD, ripoti ya karatasi peke yake haitoshi kupanga mionzi.