Hejifandi zinapoongezeka katika kampuni ndogo ya Marekani

Mkazi wa Upanga: Waungwana, ninafuatilia kampuni ndogo iliyoorodheshwa Nasdaq, soko la hisa la Marekani, ambayo idadi ya hejifandi (mifuko ya uwekezaji ya matajiri na taasisi) zinazomiliki hisa zake imekaribia maradufu katika robo moja ya mwaka. Je, ninunue?

Mama Kijitonyama: Ndugu yangu, takwimu hizo hutoka katika fomu ya 13F, ambayo meneja anayesimamia hisa na dhamana nyingine za uwekezaji za dola milioni 100 au zaidi huiwasilisha kwa SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani, ndani ya siku 45 baada ya robo kuisha, kwa hiyo unachokiona leo huenda kilishauzwa. Tena fomu hiyo haionyeshi hisa zilizokopwa na kuuzwa kwa kutarajia bei ishuke, na hapo ndipo wengi hupotea.

Mjukuu wa Mzizima: Shikamoo Mama. Naongeza kwamba asilimia ya umiliki ina uzito kuliko idadi ya mifuko, kwani penye wanunuzi wachache, jambo tunalolijua vyema katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, mfuko mmoja ukijitoa bei huporomoka. Anayevuka asilimia 5 ya hisa hutoa taarifa ya 13D, akikusudia kuathiri uendeshaji wa kampuni, au 13G, asipokusudia hivyo.

Mkazi wa Upanga: Ahsanteni. Nikikuta 13D?

Mama Kijitonyama: Marahaba, mwanangu Mjukuu. Ndugu, soma kwanza kipengele cha 4, kinachoeleza madhumuni ya mnunuzi.