Naomba ushauri: mtoto wangu hajui saa ya Kiswahili

MamaWawili (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Nina jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini nyumbani kwangu limeleta huzuni, na ningependa kuwasikia wazazi na walimu waliokwisha kulipitia.

Mwanangu ana miaka minane, anasoma darasa la pili katika shule inayofundisha kwa Kiingereza hapa Dar es Salaam, nasi tunaishi na mama yangu mzazi, mwenyeji wa Pangani. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Dodoma kikazi, na mama alitakiwa kwenda Tanga kwenye arobaini ya kaka yake. Nilimkatia tiketi kwa simu, nikamtumia ujumbe. Kwa kuwa macho yake hayashiki tena maandishi madogo, alimpa mjukuu amsomee. Ujumbe ulisema basi linaondoka 06:00, na mtoto akasoma kwa sauti, "Bibi, basi ni saa sita." Mama alifika Stendi ya Magufuli saa tano asubuhi, ametulia, akiamini ana saa nzima mkononi, kumbe basi lilikuwa limeondoka tangu kunapambazuka. Alipata jingine, lakini alipoingia Tanga magharibi ilikuwa imekwisha adhiniwa na dua ilikuwa imesomwa tangu alasiri. Hakumgombeza mtoto wala hakunilaumu mimi. Alisema tu kwamba yule ndiye ndugu wa mwisho aliyekuwa amebaki naye.

Tangu siku hiyo nimejaribu kumfundisha. Nilimwambia achukue saa ya shuleni, atoe sita. Kwenye saba na nane alifurahi, lakini tulipofika kwenye saa tatu alasiri ya shuleni aliniangalia akasema, "Mama, tatu toa sita haiwezekani," akaanza kulia. Baba yake anashauri tumwache kwanza aishike vizuri ya shuleni, hii nyingine itakuja yenyewe. Nyinyi mnaonaje?

Mwalimu wa Korogwe

Pole sana dada, na umfikishie mama pole zetu kwa msiba wa kaka yake.

Nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka mingi, na naomba nikuambie wazi kwamba kosa halikuwa la mtoto. Kutoa sita ni njia ya mtu mzima ambaye tayari anajua saa zote mbili na anataka kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Mtoto akianzia hapo, saa ya Kiswahili kwake inakuwa jawabu la hesabu, wakati ni kitu anachoweza kukiona kwa macho. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza: likishakuwa juu kwa saa moja, ni saa moja asubuhi, likifika utosini, ni saa sita, likizama, ni saa kumi na mbili, na usiku unaanza kuhesabiwa upya. Hesabu hii inatufaa kwa sababu tuko karibu na ikweta. Hapo Dar es Salaam jua huchwea kati ya saa 12:10 na saa 12:50 hivi jioni, mwaka mzima, kwa hiyo ikifika saa moja usiku kwetu jua limekwisha zama siku zote.

Kwa hiyo mtoe nje. Kesho asubuhi mwonyeshe jua lilipo anapopanda basi la shule, mwambie hii ni saa moja. Siku ya mapumziko mwonyeshe kivuli chake kikiwa kimejikusanya miguuni, mwambie hii ni saa sita. Fanya hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kugusa namba yoyote.

Baada ya hapo mpe saa ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, aweke kidole hapo, akipitishe katikati ya saa hadi ng'ambo ya pili. Kitatua kwenye 1, na hiyo ndiyo saa yetu. Ukiwa kwenye 3, kidole kitatua kwenye 9. Hakuna kutoa, hakuna kujumlisha, wala hakuna isiyowezekana. Mtindo wa saa 24, ambamo saa 2:30 usiku huandikwa 2030, ataukuta katika madarasa ya juu, na hautamsumbua.

Abiria wa Kipawa

Mimi namuunga mkono baba wa mtoto, kwa heshima. Ninafanya kazi zinazohusu usafiri wa ndege, na tiketi zote huja kwa mtindo wa saa 24. Mtoto huyu atakua katika dunia ya simu na kompyuta. Hata hivyo, kwa wazee wetu nina ombi: tusiwatumie ujumbe wa tiketi jinsi ulivyotoka kwenye mtambo. Tuandike wenyewe, kwa maneno, "saa kumi na mbili asubuhi", kisha tupige simu tuhakikishe wamesikia.

Muuguzi wa Reading

Abiria, sikubaliani nawe. Niko Uingereza, ambako mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri na mwezi wa Juni huzama baada ya saa tatu usiku, na bado watoto wangu nawasemesha kwa saa ya Kiswahili, kwa sababu wakipiga simu kwa babu yao Morogoro lazima wamwelewe. Kuhusu jua, njia ya mwalimu hainisaidii huku, lakini ile ya kidole nimeijaribu leo na wameipenda sana. Katika dawa ndipo palipo hatari kubwa zaidi. Dawa ya kila saa nane ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku; mtoto akimsomea bibi 06:00 kuwa saa sita, mgonjwa anakunywa dawa saa sita nzima nje ya wakati wake.

Mzee wa Makunduchi

Wanangu, msisahau na siku. Kwetu siku huanza magharibi, kwa hiyo ukialikwa maulidi usiku wa Ijumaa, nenda Alhamisi jua likishazama. Ukingoja Ijumaa yenyewe iishe, utakuta mikeka imekunjwa. Na huyo baba wa mtoto ajue kuwa hesabu hii ya saa si yetu peke yetu: Waganda wakisema "ssaawa emu" wanamaanisha saa moja hii hii yetu, na Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo.

MamaWawili (mleta uzi)

Shikamoo Mzee wangu, na asanteni nyote. Nimenunua saa ya mishale, nimeitundika sebuleni karibu na kiti cha bibi yake. Baba yake amekubali tujaribu. Jumamosi tulitoka uani mchana, mtoto akasimama juu ya kivuli chake akasema, "Kumbe hii ndiyo saa sita?" Bibi yake akamjibu kwamba ndiyo, na ile ya basi ilikuwa kumi na mbili. Alikaa kimya kidogo, kisha akaenda kumshika mkono akamwambia, "Nisamehe bibi." Jana jioni aliposikia adhana alikimbia ndani, akaweka kidole kwenye 6, akakipitisha hadi juu, akaita, "Bibi, kumi na mbili na nusu, kaswali."

Tiketi ya safari ijayo nitamwandikia mama kwa maneno, kama Abiria alivyoshauri, lakini nitamwacha mjukuu wake amsomee.