Nahama Minnesota kwenda Texas: je, mamlaka yangu ya kutibu kama PA yatapungua?

BintiMeru:
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni msaidizi wa daktari, yaani PA, katika kliniki ya huduma za familia hapa Minnesota, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Mume wangu amepata kazi Houston, nasi tunatarajia kuhama kabla shule hazijafunguliwa. Nilidhani leseni ndiyo ingenisumbua, lakini mwajiri mmoja wa huko ameniandikia kwamba sitaruhusiwa kuandika dawa yoyote ya cheti mpaka nitie saini mkataba na daktari atakayenisimamia, na kwamba baadhi ya dawa ninazoandika hapa kila wiki sitaziandika kabisa nikiwa kliniki.

Hapa Minnesota sheria ilibadilishwa mwaka 2020. Anayeanza kazi hutimiza kwanza saa 2,080 kwa makubaliano ya ushirikiano na daktari, mahali ambapo wote wawili wanahudumia wagonjwa pamoja. Akishazitimiza, habanwi tena na usimamizi wa daktari mmoja mahususi. Mtihani wa taifa tuliofanya ni mmoja, na saa 100 za mafunzo endelevu kila miaka miwili ni zilezile kwa kila anayetunza cheti chake. Inakuwaje basi mtu yuleyule avuke mpaka wa jimbo na kupoteza sehemu ya kazi yake? Nanyi mlioko Texas, mnafanyaje kazi chini ya sheria hiyo?

MkaziWaHouston:
Dada, karibu Houston. Swali lako la kwanza lina jibu la zamani kuliko taaluma yetu. Serikali kuu ya Marekani haitoi leseni za tiba. Mamlaka hayo ni ya majimbo, na Mahakama ya Juu iliyathibitisha mwaka 1889 katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia. Mtihani wa taifa unathibitisha kwamba umesoma na kuelewa, lakini bunge la jimbo ndilo linaloamua elimu hiyo utaitumia mpaka wapi. Tena, taaluma ilipoanza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, Dkt. Eugene Stead akiwafundisha wanaume wanne waliowahi kupata mafunzo ya tiba katika jeshi la majini, PA alihesabiwa kuwa anatumia mamlaka aliyokabidhiwa na daktari, hana yake mwenyewe. Sheria za majimbo zilijengwa juu ya wazo hilo, na Texas bado imelishikilia.

Mwajiri wako amekueleza kweli. Ili uandike dawa hapa, wewe na daktari mnatia saini mkataba wa kukabidhiana mamlaka hayo, na daktari mmoja hawezi kuwakabidhi zaidi ya watu saba wa kada yetu na wauguzi wabobezi kwa pamoja, isipokuwa hospitalini na katika vituo vinavyohudumia jamii zenye uhaba wa huduma. Mnatakiwa kukutana angalau mara moja kwa mwezi. Mimi na daktari wangu hufungua mafaili ya wagonjwa kama mkataba unavyoelekeza, tukapitia vipimo na rufaa, kisha tukaandika tulichokubaliana. Kikao hicho ninakithamini kwa dhati, na hata sheria ingefutwa kesho ningeomba kiendelee.

Tatizo liko kwingine. Dawa zinazodhibitiwa, yaani zile zinazoweza kuleta uraibu, hupangwa kwa madaraja, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo udhibiti ulivyo mkali. Za daraja la tatu hadi la tano unaweza kuandika kwa muda usiozidi siku 90, pamoja na marudio yake, na mtoto wa chini ya miaka miwili ni lazima kwanza ushauriane na daktari na kuliandika hilo kwenye faili. Za daraja la pili huruhusiwi kuziandika kliniki hata kidogo. Zinaruhusiwa kwa mgonjwa aliye katika huduma ya dharura hospitalini, aliyelazwa kwa muda unaotarajiwa kufika saa 24 au zaidi, au anayepata huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha. Nina mtoto wa miaka tisa ninayemfuatilia kwa tatizo la umakini. Ninampima uzito na shinikizo la damu, ninazungumza na mama yake kuhusu usingizi na shule, ninajua kipimo gani kilimkosesha hamu ya kula. Dawa yake ya methylphenidate, ambayo ni ya daraja la pili, ikikaribia kwisha, ni lazima iandikwe na daktari ambaye hajamwona tangu mwaka uanze. Sioni usalama wa mtoto uliolindwa hapo.

Zaidi ya hayo, daktari akistaafu, akihama au akifariki, mkataba unakwenda naye. Katika mji mdogo wenye kliniki moja, wagonjwa wa kisukari na presha wanaweza kubaki bila mtu wa kuwaandikia dawa hali PA wao yupo, mzima na mwenye leseni.

DaktariWaFamilia:
Ninaheshimu hoja za ndugu yangu wa Houston, na hiyo ya kliniki za vijijini ninaikubali moja kwa moja. Hata hivyo, naomba upande wa pili usikike. Masomo ya PA huchukua takriban miezi 27, ilhali daktari husoma miaka minne ya chuo cha tiba na kuendelea na mafunzo ya ubobezi kwa miaka isiyopungua mitatu. Tofauti hiyo haionekani kwa mgonjwa wa presha anayejulikana. Inaonekana kwa mgonjwa anayesema tu kwamba amechoka, ambaye uchovu wake unaweza kuwa upungufu wa damu, saratani au huzuni.

Kwa sababu hiyo naona Arizona na Montana zilifanya vizuri zaidi kuliko Minnesota mwaka 2023 zilipoweka saa 8,000, karibu miaka minne ya kazi, kabla ya kumwondolea PA sharti la makubaliano na daktari. North Dakota, iliyotangulia mwaka 2019, iliegemea zaidi mahali pa kazi: aliye katika kituo chenye utaratibu wa kukagua sifa za watumishi wake hahitaji mkataba na daktari. Njia hiyo pia ina busara, maana kituo kinamfahamu mtu wake kuliko bunge linavyoweza kumfahamu.

TabibuMstaafu:
Mwanangu BintiMeru, nimefanya kazi ya utabibu Tanzania kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema machache. Kwetu madaktari wasaidizi wamewafanyia kina mama upasuaji wa kujifungua katika hospitali za wilaya, maana daktari wa shahada hakuwepo. Nchini Kenya maafisa wa kliniki wana sheria yao ya mwaka 2017 na baraza lao. Lakini niwatahadharishe vijana wanaosoma hapa wakidhani uzoefu huo utawafungulia mlango Marekani: mtihani wa PA haufanywi na yeyote ambaye hakuhitimu katika programu iliyoidhinishwa huko, hata awe amefanya upasuaji mara ngapi.

BintiMeru:
Asanteni sana, nawe mzee wangu shikamoo. Daktari, saa 8,000 bado sijazifikisha, na sikatai kwamba bado ninahitaji mtu wa kumuuliza. Ila kumuuliza daktari ni jambo moja, na mgonjwa kukosa dawa kwa sababu saini ya mtu mwingine haipo ni jambo jingine. Nimemwandikia mwajiri maswali mawili kabla ya kukubali kazi: ni daktari gani wa pili atakayetajwa kwenye mkataba endapo wa kwanza ataondoka, na je, kuna nafasi upande wa hospitali, ambako angalau wagonjwa waliolazwa nitaweza kuwaandikia dawa za daraja la pili?