Laptopu ya kuhariri video za harusi: i7 ya zamani, Ryzen 5, au ya mezani?

Bi_Langoni
Assalamu alaykum. Naomba ushauri kabla sijatuma pesa Jumatatu.

Niko Lamu, Langoni, nina kiduka cha picha. Kazi yangu kubwa ni video za harusi, hasa za upande wa wanawake. Napiga mwenyewe na kuhariri mwenyewe, maana video ya vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, siwezi kumpa kijana wa mjini aniharirie. Watu wananiamini kwa hilo. Sasa laptopu yangu, yenye prosesa i5 ya kizazi cha tano, RAM 8, imeshindwa. Wiki jana video ya dakika 40 nimeiacha itoke usiku kucha. Saa ya tano stima ikapotea, na betri ilishakufa zamani, kwa hiyo nikaanza upya. Bibi harusi akapanda boti ya asubuhi kwenda Mokowe bila video yake. Nilimtazama akishuka ngazi za gati nikaona haya.

Nina elfu 60. Mombasa nimepata tatu. Kuna laptopu ya mtumba yenye i7-7500U, RAM 16, kwa elfu 34. Nyingine ya mtumba ina Ryzen 5 PRO 4650U, RAM 16, elfu 48. Ya tatu ni ya mezani, mpya, ina i5-12400F, RAM 16, bila skrini, elfu 58. Shemeji yangu anasema i7 ni i7, nisihangaike. Muuzaji mmoja ananiambia AMD, wenye hiyo Ryzen, hupata moto, na chumba changu kiko juu chini ya mabati. Nifuate lipi?

Kijana_Mkomani
Dada, chukua Intel. Nikiwa chuo 2014 nilikuwa na laptopu ya AMD, kila mchana ilijizima yenyewe. Sijarudi huko tena. i7 yenye RAM 16 kwa elfu 34 usiiache.

Fundi_Barani
Waalaykum salaam dada. Mimi ni fundi hapa Malindi, mwaka wa kumi na mbili huu nafungua kompyuta za watu. Tafadhali hiyo i7 usiitumie pesa.

Tazama namba nzima, usiishie kwenye i7. Katika i7-7500U, ile 7 ya baada ya kistari ndiyo kizazi, na herufi U ni prosesa ya laptopu nyembamba isiyokula umeme. Kizazi cha saba cha U kilikuwa na kori mbili tu, yaani sehemu mbili za kufanya kazi ndani ya prosesa, hata kikiitwa i7. Mwaka uliofuata, 2017, Intel wakatoa i5-8250U yenye kori nne. Yaani i5 ya mwaka mmoja baadaye ina kori mara mbili ya i7 unayouziwa. Juu ya hapo, Windows 11 kwa upande wa Intel inaanza kizazi cha nane, ukiacha chache sana ambazo hiyo si mojawapo, na Windows 10 msaada wake wa kawaida umekwisha 14 Oktoba 2025. Utanunua Jumatatu mashine ambayo imeshaachwa nyuma.

4650U ina kori sita, na kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja. Wewe uko Amu, umeona saruji ikitoka gatini. Punda wawili hata wawe wakali vipi hawatamaliza shehena ambayo punda sita wanaibeba kwa safari moja. Kuandika barua, wawili watosha. Kutoa video ya dakika 40 kunataka wengi.

Sasa la moto. Kijana wa Mkomani hasemi uongo. AMD wa miaka ile walikula umeme sana, kulikuwa na prosesa yao ya mezani, FX-9590, ya wati 220. Lakini mwaka 2017 walikuja na Ryzen, muundo mpya kabisa, na hii 4650U ya mwaka 2020 imetengenezwa Taiwan na TSMC kwa teknolojia ya nanomita 7. Kiwango chake ni wati 15, sawasawa na hiyo i7. Hukumu ya 2014 haiwezi kukatiwa mashine ya 2020.

Kwetu pwani joto linatoka kwingine, na hili naomba mlisome polepole. Mwezi uliopita nililetewa laptopu kutoka Shela, Intel ya kizazi cha kumi na moja, mwenyewe anasema imezeeka. Feni ilikuwa yazunguka vizuri. Nilipoitoa, kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na utando wa vumbi na nyuzi za nguo umeshikana kama kipande cha blanketi, nikaung'oa mzima kwa kikoleo. Skrubu mbili zimeliwa na chumvi hadi bisibisi haishiki. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka na kupasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Kabla sijaisafisha ilikuwa inafika nyuzijoto 98 na kasi inajishusha yenyewe hadi gigahezi 1.1 ili isiungue. Baada ya kusafisha na pesti mpya, kazi ileile, nyuzijoto 79, gigahezi 2.8. Prosesa ni ileile! Mwenyewe alikuwa ameshatafuta mteja wa kumuuzia kwa bei ya kutupa. Inaniuma, kwa sababu kila mwezi naona mashine nzuri zinauzwa hivyo.

Hiyo ya mezani, i5-12400 ni prosesa nzuri kweli, lakini herufi F maana yake haina sehemu ya michoro ndani. Bila kadi ya michoro hutaona picha yoyote kwenye skrini. Muulize muuzaji kama kadi imo. Na kwa kazi yako F inakunyima jambo jingine: sehemu ya michoro ya Intel ina Quick Sync, inayosaidia sana kufungua na kutoa video za simu. Ukipata 12400 bila F, hiyo unayo. Lakini bado utanunua skrini, na UPS, betri ya akiba, kwa stima ya huko. Elfu 60 haitoshi.

AMD nao wana mtego wao, usije ukaingia. Ukikutana na Ryzen 5 7520U utadhani ni mpya kuliko 4650U. Ina kori nne tu, na ndani yake ni muundo uleule wa 4650U, uitwao Zen 2. Katika majina yao ya elfu saba ya laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema muundo.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuoneshe RAM imekaaje. Iwe vipande viwili vya 8, kwa sababu michoro ya Ryzen inaazima RAM na kipande kimoja kinaibana. Kisha aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri akutumie ripoti. Linganisha uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa.

Mwalimu_Shela
Mwanangu, binti yangu anahariri kwa MacBook Air ya M1, ile ya mwisho wa 2020. Haina feni kabisa, hivyo haivuti vumbi la nje kama hizo nyingine. Hiyo hukuifikiria?

Fundi_Barani
Shikamoo mwalimu. Kwa video M1 ni nzuri, sina la kupinga. Ila RAM yake huwezi kuongeza, na nyingi za mtumba ni za 8. Diski nayo imechomelewa kwenye bodi. Dada huyu anategemea mashine moja tu, nataka apate inayofunguka.

Bi_Langoni
Fundi, Mungu akuzidishie. Nimemuuliza wa mezani, kadi haimo, anataka elfu 14 zaidi. Wa Ryzen ametuma ripoti: betri ilikuwa 50,000 na kitu, sasa ni 39,000. RAM ni 8 na 8, nimeona picha. Nimelipa. Nikiiweka juu ya mkeka kuna tatizo?

Fundi_Barani
Lipo. Matundu ya hewa yako chini. Iweke juu ya ubao, nyuma iinuke vidole viwili, na usiku ukimaliza ikishapoa ifunike kwa kitambaa chepesi. Baada ya miezi sita mpe fundi aisafishe, usingoje ilie.

Kijana_Mkomani
Nimekwenda kutazama yangu. i7-7500U. Kumbe.

Bi_Langoni
Parseli ilifika Mokowe Alhamisi. Nimejaribu na video ileile ya dakika 40: imetoka kwa dakika 52. Stima ilipotea katikati, taa ya dukani ikazimika, yenyewe ikaendelea. Flashi nimempa mamake bibi harusi mkononi, anasafiri kesho na boti ya saa moja.