Naomba ushauri: nihame Canon niende Sony?

Assalam alaykum ndugu zangu. Napiga picha za harusi hapa Unguja, nyingi ndani ya kumbi zenye mwanga hafifu. Nina Canon 6D, ile ya 2012, na lenzi za EF (aina ya zamani ya Canon): 50mm, 85mm na 24-105mm. Wenzangu wengi wamehamia Sony, wanasifia fokasi yake inavyolifuata jicho la bibi harusi hata akicheza. Lakini nikihama, lenzi zangu zitakwenda kwa bei ya kutupa. Nikichukua Canon R6, iliyo mpya zaidi, natia adapta tu ya kufungia lenzi zangu hizi, kazi inaendelea, na jicho inalifuata vilevile. Ila lenzi za RF, zile za kamera mpya za Canon, bei zake, mh! Sony angalau kuna lenzi za kampuni nyingine, Sigma na Tamron, kibao. Mliohama, hasa wa huku kwenye chumvi na unyevu, mmejuta? Na kamera iliyotumika Dar nikague nini kabla ya kulipa?